Mgongo Ndio Unaovuta Upinde

Siku ya kuniaga hospitalini nilipewa dakika tano za kusema neno. Mshereheshaji alitumia tatu kunitambulisha kwa watu niliofanya nao kazi miaka yote, na zilipobaki mbili umeme ulikatika, kipaza sauti kikazima. Nikapokea blanketi, nikala pilau, nikapanda bodaboda kurudi nyumbani. Kwa hiyo neno lenyewe nimeliandika, na ni lenu ninyi vijana mliobaki kwenye kile chumba cha mazoezi mwisho wa varanda.

Vyeo nitaviruka. Kimoja nilikipata nikiwa nimelala na malaria, na kingine barua yake ilikuja na jina la mtu mwingine, tukabishana na karani mpaka tukachoka wote. Nitawaandikia habari za mabega, hasa mabega ya wapiga upinde wa Tarime. Hao ndio walionifundisha kazi hii, na ndio walionisumbua kuliko wagonjwa wengine wote, ukiwaondoa walimu wakuu waliovunjika miguu.

Niliripoti kazini asubuhi ya Jumatatu nikiwa na cheti kipya cha fiziotherapia na viatu vilivyonibana. Karani wa mapokezi alikisoma cheti mara mbili, akaniuliza, "Hii fizio ni ugonjwa gani?" Nikamweleza kwamba si ugonjwa, ni kumtibu mtu kwa mazoezi. Akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyesafiri mbali kuleta kitu ambacho hakikuagizwa. Kisha akanipeleka kwenye chumba changu. Humo mlikuwa na magongo ya kutembelea, mizani mbovu na kitanda cha miguu mitatu. Mguu wa nne ulikuwa tofali.

Siku ya nne akaja mgonjwa wangu wa kwanza, Mzee Mwita, kutoka Nyanungu. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, amevaa koti zito ingawa jua lilikuwa kali.

"Shikamoo, baba," nikamsalimia.

"Marahaba. Daktari yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

Akatazama nyuma yangu, akatazama chini ya kitanda, halafu akakaa kwenye benchi la nje. "Nitamsubiri," akasema.

Alisubiri tangu saa tatu mpaka saa sita mchana. Nilipotoka kwenda kula, akaniuliza kama daktari amefika. Nikamwambia, "Amefika, baba, ila bado ni mimi." Hapo akacheka, akavua koti. Alilivua kwa shida, mkono wa kulia ukiwa umejishikilia mbavuni kama kuku aliyebanwa.

Nikampima bega. Nikamuuliza anafanya kazi gani, akaniambia analima na kufuga. Nikamwonyesha mazoezi ya mkulima, yale niliyoyasoma chuoni: kubembeza mkono kama pendulumu ya saa, kutambaza vidole ukutani, kujinyoosha asubuhi na jioni. Nikamaliza kwa sentensi ambayo leo naiandika kwa aibu. Nilimwambia, "Mkono utumie tu, baba, usiuogope."

Miezi miwili baadaye alirudi. Mkono ulikuwa haupiti kifua. Kano za bega zilikuwa zimechanika, na kwa siku zile hapakuwa na mtu wa kuzishona karibu nasi. Nilipombana kwa maswali ndipo nikajua kwamba kila jioni, ng'ombe wakishaingia zizini, alikuwa anavuta upinde. Tena si upinde wa kufukuzia ngedere shambani. Ulikuwa upinde mkubwa wa mashindano ya shabaha, ambao wanaume wawili wa rika lake walikuwa wameushindwa. Nilikuwa nimemwambia autumie mkono, naye alikuwa ameutumia.

"Mbona hukuniambia, baba?" nikamuuliza. Nilikuwa karibu kulia.

"Uliniuliza kazi," akasema bila hasira. "Upinde si kazi."

Hakuvuta upinde tena maishani mwake. Nami tangu siku hiyo sijamuuliza mgonjwa anafanya kazi gani nikaishia hapo. Huwa namuuliza pia anafanya nini kazi ikiisha, na asipojibu namuuliza mkewe.

Ninyi mngedhani Mzee Mwita alinichukia. Mimi pia nilidhani hivyo. Lakini siku aliyokuja kuchukua dawa ya maumivu alisimama mlangoni akasema, "Binti, kama unatibu mabega ya watu wetu, njoo Jumapili uone yanakotoka."

Nikaenda baada ya ibada, nikiwa bado na gauni la kanisani. Wanaume kama kumi na tano walikuwa uwanjani, na mbali mbele yao kumesimamishwa gogo nene la mgomba lenye duara la mkaa. Walipiga kwa zamu, wakataniana kwa Kikurya, kisha wakanitania mimi kwa Kiswahili ili nisikose uhondo. Mmoja akanipa upinde nijaribu. Nikaushika, nikakaza meno, nikavuta. Uzi ulisogea upana wa vidole vinne, na mimi nikasogea zaidi ya uzi. Uwanja mzima ukacheka. Kuanzia kesho yake mpaka Jumatano sikuweza kuinua mkono kuchana nywele. Dada yangu ndiye aliyenichana, akiniuliza kama hospitalini tunapigana.

Kwa ule ujinga wangu nilikuwa nimevuta kwa mkono. Jumapili iliyofuata Mzee Mwita alichukua fimbo yake ya kuchungia kwa mkono wa kushoto, akaweka ncha yake katikati ya mgongo wangu, kati ya makombe mawili ya bega.

"Bana hii fimbo," akasema.

"Kwa mkono?"

"Una mkono mgongoni? Ibane kwa mifupa hiyo miwili. Kutanisha mifupa."

Nikakutanisha. Fimbo ikabanwa kidogo, ikaponyoka. Akairudisha. Tulifanya hivyo mpaka jasho likanitoka, na wala upinde sikuwa nimeugusa. Kisha akanipa upinde mdogo wa mtoto wa shule, akaniambia mkono ni ndoano tu, kazi yake ni kushika uzi, na mgongo ndio unaovuta upinde. Nikavuta nikifikiria ile fimbo. Uzi ukaja mpaka kidevuni, mwepesi, na mimi nikabaki nimeduwaa. Miaka mitatu nilikuwa nimekaa chuoni nikikariri majina ya misuli ile kwa Kilatini. Siku hiyo ndiyo niliyokutana nayo ana kwa ana.

Nilienda Jumapili nyingi baada ya hapo. Yeye alinifundisha upinde, mimi nikamshughulikia bega. Haukuwa mchango sawa. Mkono wake niliupandisha mpaka akaweza kuvaa kofia mwenyewe, na hapo ukagoma.

Sasa vifaa. Mpira wa mazoezi mnaouona leo, ule wa rangi rangi unaokuja kwenye boksi, sisi hatukuwa nao. Karibu na soko la Tarime kulikuwa na fundi baiskeli anaitwa Idi, ambaye babu yake alitoka Tanga, na yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kufika huko lakini alizungumza kama mtu aliyeshuka kwenye basi jana. Nilimwendea kuomba tyubu kuukuu.

"Za nini, mwanangu, kama si kukuingilia mambo yako?"

"Za kutibia watu."

"Subhanallah. Unawafunga?"

Nikafunga mpira kwenye nguzo ya kibanda chake, nikampa ncha nyingine, nikamwambia avute viwiko nyuma mpaka mifupa ya mgongo ikutane. Idi alikuwa ameinamia magurudumu miaka ishirini, na mgongo wake ulikuwa umechukua umbo la usukani. Alivuta mara kumi, akavuta tena kumi. Wiki ile ile aliniletea hospitalini gunia zima la tyubu, ameziosha kwa sabuni, amezikata na kuzipanga kwa ukubwa. Nyembamba zilikuwa za baiskeli za kawaida, nene za baiskeli za mizigo. Zile nene kupita zote zilikuwa za pikipiki. Hizo aliniambia niwawekee "mabwana wanaojisifu". Hakukosea hata kidogo. Tangu hapo wagonjwa wakaniita Mama Mpira, na jina la Rhobi nililopewa na wazazi likabaki kwenye faili.

Kwa tyubu hizo, dumu la lita tano lililojazwa mchanga na bomba la chuma alilotuchomelea fundi vyuma juu ya mlango, tuliweza kumjenga mpiga upinde yeyote. Nawaandikia utaratibu wangu kwa sababu najua mnapenda kuanza na mazoezi makubwa yanayopendeza kwenye simu. Msianze hivyo. Wiki ya kwanza mtu hagusi upinde. Analala kifudifudi, anainua mikono kidogo tu kutoka sakafuni, vidole gumba vikitazama juu, anahesabu mpaka tano, anashusha. Wanaume wakubwa hulia kwa zoezi hilo, kwa hiyo fungeni mlango. Halafu anabana taulo lililokunjwa kati ya kiwiko na mbavu, anavuta mpira mwembamba kuelekea nje, polepole, ili zile kano ndogo za ndani ya bega ziamke. Wengi wana misuli mikubwa nje na kano zilizolala ndani. Ni kama nyumba yenye mlango wa chuma na bawaba za karatasi.

Baada ya hapo ndipo anavuta viwiko nyuma, kama nilivyomwonyesha Idi, na akifika mwisho anashika, anahesabu, anarudisha bila kuuachia mpira ujirudie wenyewe. Kurudisha polepole ni nusu ya kazi. Kisha ananing'inia kwenye bomba, anajivuta mabega chini bila kukunja viwiko. Mkono unaoshika upinde nao msiusahau, maana ndio unaosukuma wakati mwingine unavuta. Bega lake likipanda kuelekea sikioni, mshale unaenda kwa jirani. Anafanya siku moja, anapumzika siku moja. Akisema hana maumivu, muulizeni mara ya pili.

Mtu aliyenipima kama nimejifunza lolote alikuja miaka michache kabla sijastaafu. Aliitwa Chacha, kuli wa kupakia malori pale Sirari, miaka thelathini na kitu, kifua kama mlango wa godauni. Alikuwa nahodha wa wapiga shabaha wa upande wa Tarime. Kila mwaka wanashindana na wenzao wa Serengeti, na wale wa Serengeti walikuwa wametushinda mara tatu mfululizo. Hawakuwa watu wa kushinda halafu wakanyamaza.

"Daktari, niko na shida ya hii bega," akasema kwa Kiswahili cha mpakani. "Imegoma kabisa. Na mashindano ni wiki kumi tu."

"Unavuta upinde gani?"

"Ya baba yangu. Aliniachia. Hakuna mwingine anaiweza."

Nikamgeuza nikamtazama mgongo. Kwa mbele alikuwa jitu. Kwa nyuma, makombe ya bega yalikuwa yamechomoza kama mabawa ya kifaranga, hayana kitu cha kuyashika. Magunia aliyabeba kichwani na begani miaka yote, lakini kuvuta kitu kuelekea kwake hakuwahi. Upinde wa baba yake alikuwa anaufungua kwa ubishi tu.

Nikampa mpira mwembamba. Akaukunja kiganjani, akaniangalia kama nimemtukana.

"Mimi nabeba gunia ya kilo mia, ati unanipa tyubu ya baiskeli?"

"Kumi na tano, na kila moja uishike mpaka nihesabu tatu."

Kwenye mkeka wa pili alikuwa Bhoke, mama kutoka Kerende ambaye kazi yake ni kuponda mawe ya dhahabu kwa nyundo. Alikuja na maumivu ya mgongo na alikuwa wiki ya tano na mpira wa pikipiki. Aligeuza kichwa akatazama alichoshika Chacha.

"Kaka yangu," akasema, "huo nilianza nao mimi siku mgongo haunyooki."

Chacha akavuta kwa hasira. Moja mpaka tano alikuwa anatabasamu. Sita akaacha kutabasamu. Ya nane mabega yakaanza kupanda.

"Shusha mabega," Bhoke akamwambia. "Masikio hayatoroki."

Alikwamia tisa. Akaketi sakafuni, akautazama mpira kwa muda, kisha akauliza kwa sauti ndogo kama anaweza kuja kesho. Nikamwambia kesho kutwa.

Alikuja wiki tatu bila kukosa. Wiki ya nne akaingia anatembea kiupande, mkono mbavuni, uso umekunjamana.

"Nililala vibaya," akasema kabla sijamsalimia.

Bhoke aliinuka kwenye mkeka wake. Alitoa simu kwenye kanga, akatafuta, akanipa. Shemeji yake wa Sirari alikuwa ametuma video kwenye kundi lao la WhatsApp. Chacha yumo, katikati ya watu wanaoshangilia, anauvuta upinde wa baba yake mpaka sikioni.

"Kumbe kitanda chako kina washangiliaji," Bhoke akasema.

Wengine walicheka. Mimi sikucheka. Kiganja changu kilikuwa juu ya bega lile na nililisikia likiwa na moto. Nililijua bega hilo, na nilijua linakoelekea. Nikamwambia avae shati, tunaenda Nyanungu.

Mzee Mwita alikuwa mzee sana sasa, anaota jua nyuma ya nyumba ya mwanawe, akikemea mbuzi. Nilimwamkia, naye akaniuliza kama yule daktari amefika, maana utani huo hakuwahi kuuacha. Kisha nikamwomba amwonyeshe Chacha mkono wake. Akauinua. Ulifika ulipofika, karibu na ukingo wa kofia, ukatetemeka hapo.

"Mwisho ni hapa, mura, kijana wangu," akamwambia. "Tangu huyu mama akiwa msichana."

Chacha akauliza, "Ni nani alikufanyia hivyo, mzee?"

Nilijua swali hilo lingekuja na bado lilinichoma. Mzee Mwita alininyooshea kidevu.

"Sisi wawili. Mimi nilinyamaza, yeye hakuuliza." Kisha akaongeza, "Lakini yeye alirudi kila Jumapili. Wewe daktari anakuuliza kila siku na bado unamdanganya. Una akili kweli?"

Tukarudi mjini kwa bodaboda. Chacha alipokuwa anashuka akasema, "Daktari, sikulala vibaya." Nikamwambia ninajua.

Hapo ndipo tulipoanza kazi kweli. Tulirudi kwenye mpira mwembamba, kwenye taulo la kiwikoni, kwenye kuinua mikono sakafuni, na safari hii hakulalamika. Aliomba wenzake wa Sirari wambadilishie kazi, akawa anavuta maturubai ya malori badala ya kubeba. Kila turubai alilovuta alinielezea kwa simu, bila mimi kumuuliza, tena kwa urefu. Wiki ya saba aliupita mpira wa baiskeli ya mizigo. Wiki ya nane Bhoke alimpa mpira wa pikipiki kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi funguo za nyumba. Nikiweka kidole kati ya makombe yake ya bega, kilibanwa.

Siku mbili kabla ya mashindano tulifanya mapatano. Angetumia upinde mwepesi mashindano yote. Upinde wa baba yake angeuvuta kwa mshale mmoja tu, wa mwisho, na ikiwa tu nitampa ishara kwa kichwa. Wenzangu hospitalini waliniambia ningemkataza kabisa. Labda. Lakini nilikuwa nimempima kwa mkono wangu, na nilijua kwamba nikimkatalia mbele yangu, ataenda kuuvuta nisipokuwepo.

Mashindano yalikuwa kwenye uwanja mmoja nje ya mji wa Mugumu, huko Serengeti. Bhoke alikuja na wenzake wa Kerende kwenye lori, wakiimba, na sidhani kama hata mmoja wao alijua sheria za mchezo. Tarime na Serengeti walipishana kwa alama moja moja mchana kutwa. Chacha alipiga vizuri kwa upinde mwepesi, mabega chini, hana haraka. Nahodha wa Serengeti, mwanamume mwembamba mkimya anayeitwa Makuru, alikuwa anapiga kama mtu anayeweka vikombe kabatini. Ikabaki mishale miwili, mmoja wa kila upande, na alama ziko sawa.

Makuru akapiga wa kwanza. Ukaingia ndani ya duara, ila pembeni kidogo. Mtu angeweza kumpita.

Chacha akaweka chini upinde mwepesi, akachukua wa baba yake, akanitazama. Watu wa Tarime walikuwa wanapiga kelele mpaka vumbi likaamka. Nikatazama mabega yake, yote mawili. Yalikuwa yametulia. Nikatikisa kichwa kukubali.

Akavuta. Ninaweza kuwaeleza hatua kwa hatua, maana sikutazama kitu kingine. Bega la kushoto lilibaki chini. Kiwiko cha kulia kikaenda nyuma, si juu. Makombe ya bega yakasogeleana chini ya fulana, yakakutana, yakashika. Ule upinde ulipinda kama hauna ubishi na mtu. Katika kazi yangu yote sijaona mgongo uliofanya kazi vizuri kama ule.

Akaachia. Mshale ukapita juu ya shabaha, ukapita juu ya kamba ya mpaka wa uwanja, ukaenda kujichoma kwenye shina la mgunga huko mbali ambako hapakuwa na mtu wala mbuzi. Alikuwa na nguvu ambazo hakuwahi kulenga nazo.

Watu wa Tarime waliukodolea macho ule mgunga. Kisha Serengeti wakalipuka. Walirukaruka, wakakumbatiana, wakaanza wimbo wa kutusema. Chacha alikuwa amesimama palepale. Akainua mkono wa kulia moja kwa moja juu, akauzungusha mbele, akauzungusha nyuma, kisha akageuka kunitafuta kwenye umati.

"Daktari! Haiumi!" akapaza sauti. "Haiumi hata kidogo!"

Nilijifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Bega ni langu," nikamjibu. "Jicho si idara yangu!"

"Wangenipa mimi ule mshale," Bhoke akasema karibu yangu, na ninaamini alimaanisha.

Jumanne iliyofuata, Chacha akiwa kwenye mkeka wake, mlango ulifunguliwa akaingia Makuru. Alikuwa ametoka Mugumu asubuhi. Alinipa shikamoo, akasimama, kofia mkononi. Waliokuwa wakivuta mipira wakaacha, na si kwa sababu ya mashindano. Baba yake Makuru na baba yake Chacha walikuwa wamewahi kurushiana mishale ya kweli kwa ajili ya ng'ombe, na mmoja wao alitembea na kovu la paja mpaka alipokufa. Hawa wawili walikuwa wakisalimiana uwanjani kwa sababu mwamuzi anataka. Nje ya uwanja hawakuwahi kuongea.

"Mama," Makuru akasema, "huyu mshale wake ulifika mpaka ule mgunga. Sisi tunajua kulenga, lakini bega langu la kushoto linaniuma mwaka wa pili sasa. Nimekuja unipe huo mgongo."

Chacha akaketi. "Daktari, huwezi. Hiyo ni siri yetu!"

"Ni tyubu ya baiskeli," nikamwambia.

Nikampima Makuru. Bega halikuwa limechanika, lilikuwa limechoka tu kufanya kazi peke yake. Nikaenda kwenye ndoano kumchukulia mpira. Wagonjwa walikuwa wengi siku ile na ilikuwa imebaki mmoja tu, ule mrefu. Nikauangalia, nikawaangalia wao. Nikampa Chacha ncha moja, nikampa Makuru ncha ya pili, nikawakalisha sakafuni wakitazamana, nyayo kwa nyayo.

"Mnavuta pamoja, mnarudisha pamoja," nikawaelekeza. "Atakayeachia ghafla, mwenzake ataanguka na kisogo."

Waliutazama mpira. Wakatazamana. Bhoke akajisogeza karibu bila kuombwa, akaanza kuhesabu.

"Usiachie," Chacha akasema.

"Siachii. Wewe usiachie."

Moja. Mbili. Ilipofika kumi nilisikia Chacha akisema kwa sauti ya chini, "Shusha bega la kushoto, linapanda," na Makuru akalishusha. Walifika kumi na tano, na Bhoke akaendelea kuhesabu, nao wakaendelea kuvuta. Kwenye ishirini nikawaambia inatosha.

Hakuna aliyelegeza. Kila mmoja alikuwa amemkazia macho mwenzake, mikono inatetemeka, mpira umenyooka katikati yao kama uzi wa upinde, kila mmoja akingoja mwingine aanze. Nikapiga magoti kati yao, nikaweka kiganja juu ya mpira, nikawaambia nitahesabu mpaka tatu.

Nikahesabu. Wakalegeza pamoja.